Semuliki, Desemba 2017: nani angekuja, na kwa njia ipi?

Jumamosi ya tarehe 9 Desemba 2017 Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma ulijaa pomoni. Zilikuwa sherehe za miaka 56 ya Uhuru, na wengi wanazikumbuka kwa jambo moja tu: Rais Magufuli alipotangaza msamaha, likatoka jina la mwanamuziki Nguza Viking, maarufu Babu Seya, na la mwanawe Papii Kocha. Uwanja ukarindima. Mtu nisiyemjua alinikumbatia kama ndugu. Upande wangu wa pili alikaa mjomba, sajinitaji mstaafu wa JWTZ, simu imegandamana na sikio, kidole kimeziba sikio la pili. Alikuwa anamtafuta mwenzake wa zamani kumuuliza kama kijana wake yumo kati ya walioshambuliwa Kongo.

Siku mbili kabla, Alhamisi, giza likianza kushuka, kambi ndogo ya walinda amani wa Tanzania penye daraja la mto Semuliki, eneo la Beni, Kivu Kaskazini, ilivamiwa. Mapigano yalichukua takriban saa 13. Hesabu ya kwanza ilikuwa askari 14. Uchunguzi uliofuata ukaandika 15 waliouawa, 43 waliojeruhiwa na mmoja asiyejulikana alipo. Askari wa jeshi la Kongo wasiopungua 5 nao walikufa. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alisema ni shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani wa umoja huo katika historia ya karibuni, na akaliita uhalifu wa kivita. Aliyewatangazia Watanzania habari hiyo alikuwa Luteni Jenerali James Mwakibolwa, Mnadhimu Mkuu wa jeshi. Miaka minne nyuma, akiwa brigedia jenerali, yeye ndiye aliyekuwa kamanda wa kwanza wa brigedi hiyohiyo iliyopigwa.

Tangu siku ile nimesikia kisa cha Semuliki kikisimuliwa vijiweni kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya ushujaa: vijana walipigana usiku kucha hadi risasi ya mwisho. Ya pili ni ya usaliti: kuna mtu aliwauza, kuna madini, kuna wakubwa. Sina ugomvi na ya kwanza, na ya pili siwezi kuithibitisha. Zote mbili zinaliruka swali ambalo mjomba alilisema palepale uwanjani baada ya kukata simu, huku watu wakiimba nyimbo za Babu Seya: saa 13, na aliyetakiwa kuja alikuwa wapi?

Tuanze na brigedi yenyewe. Machi 28, 2013 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2098 lililounda kikosi cha askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ndani ya MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa ya kulinda amani Kongo. Kilipewa kibali ambacho walinda amani hawakuwa wamezoea kupewa: kuwafuata wenye silaha na kuwapiga, badala ya kusubiri kupigwa. Kufikia Novemba mwaka huohuo waasi wa M23 walikuwa wamefurushwa. Nchi nzima tulijisikia vizuri, na haki tulikuwa nayo. Lakini M23 walikuwa wanashika vilima na miji. Ukiwa na mizinga na jeshi la Kongo mbele yako, unajua pa kulenga.

ADF, waasi wanaoshukiwa kuivamia Semuliki, ni wa aina nyingine. Walianzia Uganda katikati ya miaka ya 1990, wakavuka mpaka, wakazama kwenye misitu ya Beni. Kiongozi wao wa miaka mingi, Jamil Mukulu, alikamatwa hapa hapa Tanzania mwaka 2015 na kupelekwa Uganda. Kundi likapata mkubwa mwingine na kazi ikaendelea. Hawashiki mji wowote. Wanashika njia, na wanashika usiku. Ukanda wa kati ya Mbau, Kamango na Eringeti wenyeji wameupa jina la pembetatu ya kifo, na kambi ya Semuliki ilikuwa kwenye barabara ya Mbau hadi Kamango, kama kilomita 45 kutoka mji wa Beni. Kwa sisi wa hapa, chukulia ni kama kutoka Dodoma mjini kwenda Mvumi, ila badala ya mibuyu na uwazi wa Ugogo unaoona mtu akija tangu yuko ng'ambo, weka msitu uliokuja hadi ukingo wa barabara, mvua, na njia moja.

Mwaka huohuo wa 2017 misheni ilikuwa inabanwa mkanda. Azimio 2348 la Machi lilishusha kiwango cha juu cha wanajeshi kutoka 19,815 hadi 16,215. Walioshinikiza bajeti ipungue walikuwa na hoja zao. Ila msitu wa Beni haukupungua hata mti mmoja.

Mjomba ana tabia ya kueleza mambo kwa karanga. Siku moja nyumbani kwake Nkuhungu alizimwaga mezani, akapanga nane kwa duara. "Hii kombania." Akachora mstari kwa kidole kilicholowa chai: "Hii barabara." Akaweka nyingine tano mwisho wa mstari: "Hawa ndio wa kuja kunisaidia." Kisha akachukua karanga mbili tu, zile zilizosinyaa, akaziweka katikati ya mstari.

"Mpwa wangu, niambie. Adui ana watu wangapi wa kunipiga?"

Nikahesabu karanga zilizobaki mezani kuizunguka ile duara.

"Umekosea. Anza na hawa wawili." Akagusa zile zilizosinyaa. "Mwenye akili akitaka kuivamia kambi, huanza kwa kuifunga njia ya wenzio. Hawa wawili na bombom moja kwenye kona, hao watano hawafiki. Au wanafika asubuhi."

Askari wana maneno yao, na bombom ndiyo bunduki ile ya mkanda wa risasi inayomimina bila kupumua.

Nikamwuliza, sasa ungefanyaje? Hakujibu kwa haraka. Alianza kuzila zile karanga tano moja moja. Baadaye akasema kuna maswali matatu ambayo kila askari wa lindo la mbali anatakiwa ayajue kama anavyojua namba ya bunduki yake. Nikizidiwa, nani anakuja? Anapita wapi, na pakifungwa anapita wapi pengine? Ananifikia baada ya saa ngapi? Kama kamanda wako hana majibu hayo, alisema, wewe huko kambini umeachwa tu, hata kama umezungushiwa seng'enge na mifuko ya mchanga.

Nilidhani ni maneno ya mzee aliyestaafu. Lakini soma matokeo ya uchunguzi maalumu ambao Umoja wa Mataifa ulimkabidhi Dmitry Titov na kutangazwa Machi 2018. Uchunguzi uliwataja ADF kama wanaoshukiwa, ukataja mapengo katika mafunzo ya askari, halafu ukasema jambo ambalo karibu ni karanga za mjomba kwa lugha ya ofisini: misheni haikuwa na mpango wa dharura unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu wala kuwatoa walinda amani wake. Ukaongeza udhaifu katika amri na uongozi, na upungufu wa nyenzo za lazima, yaani ndege, wahandisi na taarifa za kiintelijensia.

Neno "unaotekelezeka" ndilo la kukaa nalo. Karatasi ya mpango huwa haikosekani jeshini. Mpango unaotekelezeka ni ule uliowahi kufanyiwa zoezi: magari ya deraya yakawashwa usiku, yakatoka, mtu akashika saa. Wahandisi nao wametajwa kwa sababu. Barabara ya udongo ya msituni wakati wa mvua inahitaji mtu wa kuondoa mti uliolazwa kwa makusudi, kuvusha gari palipobomoka na kutafuta bomu lililofukiwa. Ndege zimetajwa kwa sababu barabara ni moja. Na ndege yenyewe lazima iwe na rubani anayeruhusiwa na anayeweza kuruka usiku juu ya watu wanaofyatuliana risasi, jambo ambalo si kila nchi iliyochangia helikopta iko tayari kulikubali. Hapa ndipo ninapoona kiini cha kisa chote. Askari wa miguu ni wetu, helikopta ni ya taifa lingine, hospitali ni ya taifa la tatu, na anayetoa amri yuko mji mwingine akiwa na mabosi wawili, mmoja wa Umoja wa Mataifa na mmoja wa nyumbani kwao. Mchana mambo hayo yanakwenda kwa barua pepe. Saa tatu usiku hayaendi.

Uchunguzi uleule ulipewa pia kazi ya kuangalia mashambulizi mawili ya nyuma, na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Septemba 16, 2017 walinda amani wa Tanzania walishambuliwa Mamundioma, huko huko Beni, mmoja akafa. Oktoba 9, Mamundioma tena, wawili wakafa. Desemba 7, Semuliki, 15. Kutoka shambulio la kwanza hadi la tatu ni siku 82. Adui alikuwa anapima. Kila mara aliona msaada unatoka wapi, unachukua muda gani, na walinzi wanafanya nini giza likiingia. Mfugaji wa Kigogo ambaye fisi amekuja zizini mara mbili hahitaji semina. Usiku wa tatu anabadilisha mahali pa kulala. Mahali pa kambi, saa za lindo, njia ya doria, idadi ya watu waliokaa pale: katika siku 82, vingapi kati ya hivyo vilibadilishwa kiasi cha kumchanganya aliyekuwa anavitazama kutoka msituni? Kwa waliokuwa na mamlaka ya kuihamisha kambi au kuipa nguvu, mashambulizi ya Mamundioma yalitosha kuwa taarifa.

Kuna watakaosema ni rahisi kuhukumu ukiwa umekaa Nkuhungu unakula karanga. Kweli. Lakini hata waliokaa karibu walihukumu hivyohivyo. Wiki mbili tu baada ya Semuliki ilikamilika ripoti ya Luteni Jenerali mstaafu Carlos Alberto dos Santos Cruz, Mbrazil aliyekuwa kamanda wa majeshi ya MONUSCO wakati M23 wanapigwa. Alihesabu walinda amani 195 waliouawa kwa mashambulizi kati ya 2013 na 2017. Akasema wazi kwamba kofia ya bluu na bendera ya Umoja wa Mataifa havimlindi tena mtu kwa vyenyewe, na kwamba vikosi vinavyojifungia ndani na kusubiri ndivyo vinavyouawa. Vinatakiwa vichukue hatua mbele ya adui.

Nakubaliana naye nusu. Kukaa ndani ya seng'enge ni kumwachia adui achague saa na siku, hilo halina ubishi. Ila mwaka uliofuata, Novemba 2018, brigedi ilitoka kweli, ikaenda na jeshi la Kongo kuwafuata ADF Kididiwe, hukohuko Beni. Ikapoteza tena watu, wa Malawi na wa Tanzania. Kutoka nje bila taarifa za uhakika na bila ndege ni kuhamisha tatizo kutoka kambini kulipeleka njiani. Mjomba analijua hilo vizuri. Alihudumu Darfur, Sudan, na Julai 13, 2013 Watanzania 7 waliuawa huko walipokuwa kwenye msafara kati ya Khor Abeche na Manawashi, wengine 17 wakajeruhiwa. Hawakuwa wamejifungia popote. Walikuwa njiani.

Pale Kididiwe ndipo palipotokea jambo ambalo Watanzania wengi hawalijui, na wanapaswa kulijua kabla hawajazungumza habari za usaliti. Koplo mmoja wa Kitanzania alipigwa, akashindwa kusogea, akabaki mahali pa wazi risasi zikipita. Askari wa Malawi, Private Chancy Chitete, alitoka alipojificha, akamburuta hadi penye kinga, akaanza kumpa huduma ya kwanza. Akiwa katika kazi hiyo naye akapigwa. Yeye alikufa, koplo wetu akapona. Mwezi Mei 2019 familia yake ilipokea medali ya Umoja wa Mataifa yenye jina la Kapteni Mbaye Diagne, Msenegali aliyeuawa Rwanda mwaka 1994 baada ya kuokoa watu wengi.

Medali ni medali. Mimi ninaitazama ile huduma ya kwanza. Kanuni ya Umoja wa Mataifa kwa majeruhi inasomwa kumi, moja, mbili: ndani ya dakika 10 damu iwe imezuiwa, ndani ya saa 1 awe mikononi mwa wenye utaalamu wa kumtunza asife, ndani ya saa 2 awe kwenye upasuaji. Angalia zile namba mbili za mwisho, zote zinahitaji helikopta au barabara iliyo wazi, yaani zinaturudisha kulekule. Ya kwanza peke yake haimhitaji mtu wa mbali. Ni ya aliyelala karibu na wewe handakini, na mara nyingine ni ya wewe mwenyewe.

Mjomba alinionyesha. Alichana kipande cha mpira wa baiskeli, upana wa vidole viwili, akanipa kijiti. Nifunge paja langu, juu ya pale panapodhaniwa pana jeraha, nizungushe kijiti mpaka mguu ufe ganzi. Nilifanya, nikaona si kazi. "Sasa weka mkono wa kulia mgongoni. Huo umepigwa." Kwa mkono wa kushoto peke yake, nikiwa nimeketi sebuleni, feni inazunguka, hakuna anayenipiga risasi, ilinichukua karibu dakika nne, na kijiti kiliniponyoka mara tatu. Mkanda wa kukaba damu wa siku hizi una klipu na umerahisishwa, lakini mkono ni uleule. Askari wanaopita Kituo cha Mafunzo ya Ulinzi wa Amani kule Kunduchi wanafundishwa haya. Kufundishwa mara moja na kurudia gizani mara mia ni vitu viwili.

Kuna ulinzi mwingine ambao Watanzania wanao Beni na mataifa mengine hawana, nao ni Kiswahili. Mama anayeuza ndizi Mbau anaweza kumwambia askari wetu, bila mkalimani, kwamba jana wamepita watu wageni wakauliza habari za daraja. Mwanajeshi wa Asia ya Kusini aliye hapohapo anahitaji mkalimani, na mkalimani anajulikana kijijini, kwa hiyo mama hatasema. Wapigania uhuru waliokaa Kongwa miaka ya 1960, wa FRELIMO, ANC na wengineo, walikaa kati ya Wagogo, na mgeni asiyeeleweka alionekana kijijini kabla hajaonekana langoni. Ila neno la mama wa ndizi halina faida likiishia kwa koplo. Lazima lipande hadi kwa mwenye uwezo wa kubadilisha lindo usiku huohuo, na uchunguzi wa 2018 unapotaja upungufu wa taarifa za kiintelijensia, nadhani ngazi hiyo ya kupandia ndiyo iliyovunjika, kuliko ukosefu wa watu wa kusema.

Baada ya ripoti za Titov na dos Santos Cruz, Umoja wa Mataifa uliandaa mpango wa utekelezaji mwaka 2018, na Machi 2020 Baraza la Usalama likapitisha azimio 2518 mahsusi kwa usalama wa walinda amani: mafunzo, vifaa, huduma za majeruhi, wajibu wa nchi mwenyeji kuwasaka wauaji. Ni maandishi mazuri. Yanataja karibu kila kitu alichokitaja mjomba. Mimi ningependa nchi inayotoa askari wa miguu, kabla haijatia saini ya kuwapeleka, iulize kwa maandishi helikopta ni ya nani na inaruka saa ngapi, kama mtu anayemwoza binti anavyouliza ukoo.

Mwaka jana kijana wa jirani alikuja kumuaga mjomba. Alikuwa amepangiwa misheni, nje ya nchi, hakutaja wapi na mzee hakumuuliza wapi. Aliamkia, "Shikamoo, afande," mzee akaitikia, akamkaribisha kwenye kigoda, akaletewa uji wa ulezi. Wakazungumza habari za mvua na za mama yake. Kisha mjomba akaingia ndani akatoka na kile kipande cha mpira.

"Mkono wa kushoto."

Kijana alicheka, akakishika, akafunga paja juu ya suruali na kukaza. Nilitazama saa ya simu: sekunde 50 na kidogo. Mjomba akatikisa kichwa kwa kuridhika, jambo ambalo sijamwona akilifanya mara nyingi.

"Vizuri. Sasa ukizidiwa usiku, nani anakuja?"

Kijana akamjibu.

"Anapita wapi?"

Akamjibu tena, kwa kirefu, na akaeleza njia ya pili.

"Baada ya saa ngapi?"

Kijana akaweka kikombe chini. Akasema hilo atakwenda kuliuliza.